Uzito na Mviringo: Asili ya Mtetemo katika Pikapu Kuukuu

Wapo wenye magari, nao si wachache, ambao pikapu zao kuukuu huwatii mjini na katika njia za vumbi, lakini waingiapo barabara ya lami na mshale wa mwendo ukakaribia kilomita 80 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwao. Wakiongeza mwendo, mtetemo nao huongezeka, na wakipita 110 hupungua kwa namna inayostaajabisha. Wamekwisha kuyapeleka magurudumu kupigwa balansi, yakarudi na risasi mpya ukingoni mwa rimu, ikapatikana nafuu ya siku chache, kisha hali ikarejea ilivyokuwa. Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande: huyu asema badili shokapu, yule asema tairodi, wa tatu aapa kuwa ni beringi, na kila mmoja yamkini amesema kweli juu ya gari alilolitengeneza yeye. Makala haya yana dai moja, nalo ni kwamba mtetemo unaokaidi matengenezo hukaidi, aghalabu, kwa sababu mambo mawili yaliyo mbalimbali yamechanganywa yakafanywa jambo moja, yaani uzito wa gurudumu na mviringo wake. Mashine ya kawaida ya balansi hupima uzito. Mviringo haiupimi, na gurudumu ambalo uzito wake umesawazishwa pande zote laweza, pamoja na hayo, kuwa na umbo la yai.

Ili maneno yetu yawe na mahali pa kusimama, natuchukue gari moja linalojulikana na watu wote, Toyota Land Cruiser ya safu ya 70, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1984, ambayo hata leo hubeba wagonjwa, askari wa wanyamapori, mahindi na saruji tangu Turkana hadi Ruvuma. Tuichukue ile pikapu ya miaka ya 1990, yenye ekseli nzima ya mbele iliyoshikwa na springi za vyuma bapa vilivyopandana, na matairi ya 7.50R16. Tairi hilo lina kimo cha sentimita 80 hivi tokea ardhini hata juu, kwa hiyo kila lizungukapo mara moja gari husogea takriban mita 2.5. Katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari hukata mita 25 kila sekunde, basi gurudumu huzunguka mara 10 katika sekunde moja. Propela, kwa kuwa difu hupunguza mzunguko wake kwa kadiri ya 4.1 kwa 1, huzunguka mara 41 katika sekunde hiyo hiyo. Na krosi zake zikiwa na hitilafu ya pembe, zitatikisa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 82.

Hesabu hii fupi ina manufaa kuliko spana nyingi, kwa kuwa mwili wa binadamu waweza kuzipambanua idadi hizo tatu bila ya chombo chochote. Mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde huonekana kwa macho: kioo cha pembeni huchezacheza, maji katika chupa hupiga mawimbi, na mkono hulihisi kila pigo karibu peke yake. Mtikisiko wa mara 41 hauhesabiki tena. Hugeuka kuwa mnyeo wa sakafu na kiti, na nyayo huwa na ganzi baada ya safari ndefu. Ule wa mara 82 husikika zaidi kuliko unavyohisiwa, nao ni mvumo wa kukereketa unaojaa ndani ya kebini. Kwa hiyo mwenye gari anayemwambia fundi kwamba gari latetemeka kwenye 90 amesema nusu tu ya maneno, na fundi mwema humwuliza mara moja: je, waona kitu kinachezacheza, au wasikia mvumo? Akijibu kwamba usukani waonekana ukitikisika, propela imekwisha kutoka hatiani kabla ya jeki kuguswa.

Usaili huo uendelee barabarani, mahali palipo wazi na pasipo na watu, kabla ya gari kuingizwa gereji. Ikiwa mtetemo huja wakati wa kukanyaga breki tu, shauri ni la diski au drami, wala halihusiani na haya tunayoyasema. Ikiwa gari limesimama na injini ikapandishwa hadi mizunguko ile ile ya safarini, na mtetemo ukatokea, basi utazamwe upande wa injini na raba zinazoishika. Ikiwa kwenye 80 gari hutetemeka sawasawa katika gia ya nne na katika gia ya tano, injini haina kosa, maana mizunguko yake imebadilika na ya magurudumu haikubadilika. Kisha dereva akiwa katika mwendo ule ule aondoe mguu kwenye mafuta, halafu akanyage tena: magurudumu hayajali kuvutwa wala kuachiliwa, lakini krosi na difu hujali sana, na mvumo wao hupanda au hupotea pale mzigo wa injini unapogeuka. Wengine hupeleka gia kwenye nyutro wakaliacha gari liserereke; ni jaribio zuri, lakini injini isizimwe kamwe, kwa kuwa msaada wa breki na wa usukani huenda nayo.

Kuhusu mahali pa kuhisi, husemwa kwamba kinachotikisa usukani kiko mbele na kinachotikisa kiti kiko nyuma. Kauli hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, ila isichukuliwe kama hukumu ya mwisho, kwa kuwa fremu ya pikapu ndefu hupitisha mitikisiko kwa njia zake yenyewe. Ithibati bora hupatikana kwa kuyahamisha magurudumu: ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaletwe mbele, bila ya kugusa jambo jingine lolote, kisha gari liendeshwe katika barabara ile ile na mzigo ule ule. Mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kitini, chanzo kiko katika tairi au rimu. Ukibakia mahali pake, chanzo ni kitu kisichohama, kama vile habu, beringi, au viungo vya usukani. Kazi hii ni ya muda mfupi na haina gharama, nami huona vigumu kuelewa kwa nini watu hununua shokapu nne kabla ya kuifanya.

Kuna dalili moja ambayo wengi huitaja kwa kunung'unika tu na wachache huitia maanani, nayo ni mtetemo unaokuja na kwenda: unapanda, unakaa kidogo, unatulia, kisha unapanda tena, hali mwendo haukubadilika hata kidogo. Mwenye gari hudhani ni barabara. Sivyo, hiyo ni alama ya vyanzo viwili vinavyokaribiana. Tuseme magurudumu yote mawili ya mbele yana kasoro, na moja lina meno yaliyolika milimita 4 zaidi ya mwenziwe, hivyo kimo chake ni pungufu kwa milimita 8, ambayo ni asilimia 1 ya sentimita 80. Moja huzunguka mara 10 kwa sekunde na la pili mara 10 na sehemu moja ya kumi. Zile kasoro mbili zikipiga pamoja, nguvu zao hujumlishana na usukani hutikisika. Baada ya sekunde 5 hupiga kwa kupingana, na utulivu hurudi. Baada ya sekunde 5 nyingine hukutana tena. Ukiona hali hiyo, usiridhike kwa kupata gurudumu moja lenye ila. Yako mawili, na atakayetengeneza moja atapata mtetemo mdogo wa daima badala ya mkubwa wa kuja na kwenda, kisha atasema kwamba fundi hakufanya kitu.

Sasa tuingie katika uzito. Gramu 30 zilizozidi katika ukingo wa rimu ya inchi 16, katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, huvuta kwenda nje kwa nguvu ya karibu kilo 2 na nusu, na mvuto huo huelekea juu, mbele, chini na nyuma, mara 10 kila sekunde. Mwendo ukipunguzwa ukawa nusu, nguvu hubakia robo. Ndiyo sababu gari lile lile huwa pole likiwa mjini. Na ile ajabu ya mtetemo kupungua baada ya kupita 110 nayo ina maelezo: ekseli pamoja na magurudumu yake, kwa kuwa imewekwa kati ya tairi linalonepa chini na springi zinazonepa juu, ina mwendo wake wa asili wa kupanda na kushuka, ambao katika magari mengi ni mara 10 hadi 15 kwa sekunde; kasoro ya gurudumu ikipiga kwa kadiri hiyo hiyo, ekseli huitika kwa nguvu nyingi, na ikipita kadiri hiyo mwitiko hupungua. Shokapu kazi yake moja ni kuuzuia mwitiko huo usikue. Shokapu zilizochoka, kwa hiyo, huukuza mtetemo, lakini hazikuuzaa.

Uzito huharibika kwa njia nyingi katika nchi zetu, na baadhi yake hazimo katika vitabu vya viwanda. Wakati wa masika, katika mbuga za udongo mweusi, tope hujaa upande wa ndani wa rimu, likakauka likawa gumu kama tofali. Dereva huosha upande wa nje unaoonekana na watu, akaingia barabarani akishangaa kwamba gari lililokuwa zima jana leo latetemeka. Tairi lililopasuka ubavuni hutiwa na fundi wa pancha kipande cha tairi jingine kwa ndani ili lichukue safari chache zaidi, na kipande hicho chaweza kuwa na uzito ulio mara nyingi ya risasi yoyote iliyoko kwenye rimu. Tyubu iliyokunjika wakati wa kutiwa hufanya vivyo hivyo. Na risasi zenyewe hudondoka katika mawe. Ukiona ukingoni mwa rimu pamebaki kidoa kisafi cha mstatili kati ya vumbi na kutu, jua kuwa hapo palikuwa na risasi na imekwenda.

Isisahaulike kwamba kusawazisha uzito kuna daraja mbili. Ile mizani ya zamani ya povu, ambayo gurudumu hulazwa juu yake, huonyesha upande ulio mzito na basi. Lakini gurudumu lina unene: uzito ukizidi upande wa nje kwa kushoto, na ukazidi kadiri ile ile upande wa ndani kwa kulia, mizani ya povu itatuama katikati na kutoa cheti cha usalama, na hali gurudumu likizungushwa kwa kasi litajinyonganyonga kushoto na kulia na kuuvuta usukani. Kwa ajili hiyo mashine ya kuzungusha hutaka risasi mbili, moja ndani na moja nje. Fundi anayebandika zote nje kwa sababu ndani pana uchafu, au kwa sababu kaliba ya breki haiachi nafasi, amefanya nusu ya kazi.

Haya yote ya uzito yakiwa yametimizwa na mtetemo ukadumu, hapo ndipo watu wengi hurudi kwenye mashine ile ile kwa mara nyingine, na hapo ndipo nataka msomaji aache kuwafuata. Chombo kinachotakiwa sasa ni kipande cha chaki. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yasiyoinuliwa yazuiwe kwa mawe au magogo, gurudumu linalopimwa liinuliwe kwa jeki na chini ya ekseli pawekwe stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiwi na mtu mwenye akili. Weka tofali au kiti kidogo karibu na tairi, uegemeze mkono juu yake usicheze, kisha mwenzako alizungushe gurudumu polepole kwa mkono huku wewe ukiisogeza chaki kuelekea meno ya tairi, nywele kwa nywele, mpaka iguse. Tairi lililo mviringo hupata mstari mweupe kulizunguka lote. Tairi lisilo mviringo hupata alama upande mmoja tu, pengine yenye urefu wa dhiraa, na sehemu iliyobaki hupita mbele ya chaki bila ya kuigusa. Mkono ukiwa bado palepale, geuza upande wa pili mbele ya chaki, upime pengo. Likipita milimita 1.5 hivi, umepata kitu cha kutafuta, na risasi haitakiondoa, kwa sababu kila mzunguko gari hupandishwa juu ya mwinuko huo na kuteremshwa, hata kama uzito wote umelingana.

Lakini chaki imesema tu kwamba pana mwinuko. Haijasema ni wa nani. Rudia kipimo hicho kwenye ukingo wa rimu yenyewe, kwanza kwa juu, kisha kwa ubavu, kwa kuwa rimu iliyopigwa na shimo la barabarani yaweza kuwa na kimo sawa pande zote na huku imepinda kwenda kando. Rimu ya chuma iliyo njema haipiti milimita 1 au zaidi yake kidogo. Rimu ikiwa nzima na tairi lina mwinuko, kosa ni la tairi, au tairi halikukaa vyema kitako wakati wa kujazwa upepo. Ule mstari mwembamba uliofinyangwa ubavuni karibu na rimu uwe na umbali sawa kuizunguka yote, na usipokuwa sawa, upepo utolewe, maji ya sabuni yapakwe, na tairi lijazwe upya. Rimu ikiwa na mwinuko nayo, weka alama kwenye rimu na nyingine kwenye habu, fungua nati, geuza gurudumu nusu duara, yaani boliti tatu mbele kwa gari lenye boliti sita, ulifunge na upime tena. Mwinuko ukifuatana na alama ya rimu, rimu imepinda. Ukibakia na alama ya habu, rimu haina kosa, na uchunguzi wapaswa kwenda ndani zaidi. Ikiwa rimu na tairi zote mbili zina kasoro ndogo na juu za zote zimekutana upande mmoja, tairi lizungushwe nusu duara juu ya rimu, juu ya hili ikae kwenye chini ya lile. Kazi hii hutoa gari katika taabu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Katika matairi mengi mapya kiwanda huweka nukta ya njano mahali palipo pepesi zaidi, nayo huelekezwa kwenye vali.

Iko aina moja ya mwinuko ambayo haina matengenezo. Ile herufi R katika 7.50R16 yatujulisha kwamba tairi ni la namna iliyobuniwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake, chini ya meno, hupita mikanda iliyofumwa kwa nyaya za chuma. Maji yakiingia kwa njia ya mikato ya mawe, nyaya hushika kutu. Mzigo ukizidi na upepo ukipungua, joto hulegeza mpira ulioshikamana nazo. Ukanda huanza kubanduka, na juu yake meno huvimba. Pitisha kiganja juu ya tairi likiwa limeinuliwa, kwenda na kurudi, na utalihisi vimbe hilo hata pale jicho halilioni. Alama yake nyingine ni usukani kuyumba taratibu kushoto na kulia gari likiwa katika kilomita 20 au 30, mwendo ambao uzito uliozidi hauna nguvu ya kufanya lolote. Tairi hilo lisipigwe balansi, lisihamishiwe nyuma, wala lisifanywe la akiba. Litolewe siku hiyo hiyo, maana mwisho wake ni kupasuka, na kwa gari lililojaa watu na mizigo katika mwendo wa 90 hilo ni msiba.

Hapa pana neno la kusema juu ya matairi ya mtumba, ambayo hununuliwa kwa kutazama kina cha meno. Meno marefu huonyesha kwamba tairi halikutembea sana. Hayaonyeshi kwamba ni kijana. Ubavuni, baada ya herufi DOT, ziko tarakimu nne ambazo tangu mwaka 2000 hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililopita miaka 10 silipendekezi kwa pikapu ya mizigo, hata likiwa na meno yote na bei yake ikiwa ya kuvutia.

Kuna mtetemo mwingine mdogo ambao hauhitaji kutibiwa: gari lililosimama wiki nyingi mahali pamoja hupata ubapa chini ya matairi, na baada ya nusu saa ya safari na matairi kupata moto, ubapa huondoka wenyewe.

Namna gurudumu linavyokaa juu ya habu ni jambo linalopuuzwa kuliko yote. Kutu kati ya rimu na habu, rangi nene iliyopakwa kwa kupendezesha, hata jiwe dogo lililobanwa hapo wakati wa kubadili tairi gizani, huliweka gurudumu upande. Uso wote uparuzwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Nati zenye ncha ya pia ndizo zinazoiweka rimu katikati, kwa hiyo ncha hizo zizame ndani ya matundu, na zikazwe kwa kuruka, hii na inayoikabili, kwanza kwa mkono gurudumu likiwa juu, kisha kwa nguvu kamili gari likishashushwa. Mafundi wanaokaza nati ya kwanza kwa mashine ya upepo hadi mwisho, ndipo waende kwa ya pili, huivuta rimu upande mmoja, na nati tano zinazofuata hazitaweza kuirudisha. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudiwe kukazwa. Ikiwa matundu yamekwisha kutanuka yakawa ya mduara mrefu, rimu hiyo imemaliza kazi yake.

Mnyeo wa sakafu ukiwa ndio malalamiko, twende chini ya gari, kwenye propela. Kiungo cha krosi kina historia ndefu. Wazungu wengine hukinasibisha na Gerolamo Cardano wa Italia aliyeishi karne ya 16, na Waingereza hukiita kwa jina la Robert Hooke wa karne ya 17. Kina tabia moja isiyokwepeka: kikifanya kazi kwa pembe, upande unaozungushwa huenda mbio na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, hata kama upande unaozungusha una mwendo ulio sawa kabisa. Dawa yake ni krosi ya pili, mwisho wa pili wa propela, inayoikosea njia ile ile kinyume, ili makosa mawili yafutane. Lakini yatafutana kwa masharti mawili, kwamba uma za propela ziwe zimelala katika uelekeo mmoja, na kwamba pembe za mbele na nyuma ziwe sawa. Sharti la kwanza huvunjwa siku propela inapofunguliwa kutiwa grisi na sehemu yake inayoteleza ikarudishwa jino moja au mawili mbali na mahali pake. Kwa hiyo pana mishale miwili iliyopigwa juu ya chuma, nayo yafaa ikutane, na kama kutu imeifuta, fundi apige alama yake mwenyewe kabla ya kuvuta. Sharti la pili huvunjwa na mwenye gari anayeongeza vyuma katika springi za nyuma ili abebe zaidi, kwani mgongo wa gari huinuka na pembe za krosi mbili zikaacha kulingana. Kabari ya chuma iliyochongwa vyema, ikawekwa kati ya springi na ekseli, huurudisha ulinganifu huo. Propela yenyewe itazamwe pia kama ina bonde, tope lililoganda, au mahali ambapo kibati cha balansi kilichochomewa kiwandani kimeng'oka.

Kwa magari haya yenye habu za mbele za kufunga na kufungua, kuna jaribio lililo jepesi mno: hakikisha zote mbili zimefunguliwa. Madereva wengi huzifunga wakiingia matopeni na kusahau, na propela ya mbele, ambayo krosi zake pengine hazijaguswa kwa miaka, huzunguka safari nzima bila ya haja. Mvumo ukikoma kwa kuzifungua, umekwisha kuonyeshwa mahali pa kazi.

Limebakia lililo zito kuliko yote, nalo si mtetemo tena bali ni usukani kupigwa kushoto na kulia kwa nguvu, ghafla, baada ya gurudumu moja la mbele kugonga shimo au kiungo cha daraja, kisha kuendelea wenyewe mpaka gari lipunguze mwendo sana. Huyapata zaidi magari yenye ekseli nzima ya mbele. Dereva aliyekumbwa nalo aushike usukani imara bila ya kushindana nao, aondoe mguu kwenye mafuta, na apunguze kwa breki ya upole hadi asimame. Kukanyaga breki kwa hofu huongeza balaa. Aliyekwisha kupatwa nalo mara moja asiendelee na safari ndefu kabla ya kukagua.

Ukaguzi huanza gurudumu likiwa juu. Lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta: likicheza, mwenzako akanyage breki, mchezo ukikoma ni wa beringi za habu, ambazo katika magari ya namna hii hukazwa upya kwa nati na hazihitaji kubadilishwa kila mara, ukiendelea ni wa kingpini. Lishike kushoto na kulia: likicheza, zitazamwe tairodi na sanduku la usukani. Beringi za kingpini za Land Cruiser hii ni ndogo, hukaa juu na chini ya kifundo cha ekseli, na kwa kuwa gari hutembea zaidi likiwa limenyooka, huchimbika vijishimo mahali pamoja tu. Ukigeuza magurudumu kwa mkono yakiwa yameinuliwa na tairodi imefunguliwa, utahisi yanaingia katika kijishimo pale katikati na kuwa mepesi mno kwingineko. Hapo hubadilishwa, na mbano wake hurekebishwa kwa shimu mpaka kifundo kigeuke kwa uzito ulio sawa kote. Kwa magari yenye springi za koili mbele, kama Land Rover Defender, au Land Cruiser hizi tangu mwaka 1999, bushi za fimbo ya Panhard nazo hukaguliwa, kwa kuwa fimbo hiyo ndiyo inayoizuia ekseli isiende kando.

Shokapu ya stelingi, ile iliyolala kando kando ya tairodi, huwa ndiyo ya kwanza kununuliwa, na huleta utulivu wa miezi miwili mitatu ambayo kingpini huendelea kulika bila ya mtu kujua. Kwa sababu hiyo mimi huiweka ya mwisho: matairi yapimwe kwa chaki, habu na kingpini zirekebishwe, tairodi zikaguliwe, gari lijaribiwe polepole na kisha kwa mwendo wake, na ikiwa baada ya hayo limetulia, ndipo shokapu mpya ifungwe kwa ajili ya mashimo yatakayokuja.